Anayepokea Lindo

Mtu akicheka sinema mbele yangu, akasema hii haiwezekani, hapa wametudanganya, damu inanichemka. Wajukuu wangu wameshazoea. Wananiambia, bibi, ni sinema tu, mbona unanuna? Kwa miaka mingi sikuwaambia ninachonunia. Na nyie mtakaosoma haya, mkiona nafoka, mnivumilie. Sijui kulisimulia jambo hili kwa sauti ya chini.

Ilikuwa Jumapili mchana, Mji Mpya, hapa Morogoro. Miaka hiyo viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na vibanda vya video vinafunguliwa kimoja baada ya kingine. Tuliambiwa soko sasa ni huria. Huria yangu mimi ilikuwa kabichi na karoti. Kila Alhamisi napanda Mgeta, milimani kwetu, kufuata mboga, nashuka nimekaa juu ya magunia ndani ya lori, nyingine nauza sokoni mjini, nyingine zinaendelea Dar. Mambo ya sinema sikuwa na muda nayo. Siku hiyo nilikwenda kwa sababu moja tu, nilitaka kumtoa baba yangu getini.

Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda. Jina la kiwanda sitalitaja, waliokifunga wapo na wanakula vizuri. Baba alishuka kutoka mlimani akiwa kijana, akaanza kazi mwaka kilipofunguliwa, na kilipofungwa aliendelea kulinda. Wenzake walipewa barua za kupunguzwa, wakaondoka. Yeye naye alipewa yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi getini. Ukimuuliza anakujibu kwamba mlinzi haondoki lindoni mpaka apokelewe. Ndivyo walivyofundishwa. Kulikuwa na daftari lenye safu mbili, kushoto Anayekabidhi, kulia Anayepokea. Anayeingia zamu anazunguka, anakagua kila kitu, anasaini, ndipo anayetoka anakwenda zake nyumbani. Sasa zamu ile ya mwisho ya baba, hakuna aliyekuja kuipokea. Kila asubuhi na kila jioni, kwa mwandiko wake wa ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, aliandika "Lindo salama," akasaini kushoto, na kulia akaacha wazi. Nililifungua siku moja lile daftari. Kurasa kwa kurasa, upande wa kulia mweupe. Mwaka mzima na zaidi, bila mshahara, chakula nampelekea mimi.

Na mama yangu alikuwa mlimani peke yake, kwenye shamba la ukoo wao, mguu umevimba hata mtoni kuteka maji hawezi. Mgeta mnaijua ilivyo, ukitoka mlangoni ni mteremko au mpando, sehemu tambarare hakuna. Kuna wakati nilimkuta anavuka ua kwa makalio. Kila Alhamisi ananiuliza, "Baba yako anakuja lini?" Maharage yanaozea shambani, na mtu mzima mwenye mikono yake miwili yuko mjini analinda kutu na panya. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nikimpelekea chakula naiweka sufuria chini kwa kishindo, naondoka bila kumwambia karibu.

Jumapili ile nilimbembeleza mpaka nikachoka. Nilifikiri akitoka kwa saa mbili tu, akaona dunia inaendelea bila yeye, atalainika. Akakubali. Lakini kwanza akaandika: "Saa nane mchana nimetoka. Nitarudi saa kumi." Akafunga geti, ufunguo akauning'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kibanda kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni juu ya kreti za soda. Pembeni amesimama jamaa na kipaza sauti, yeye ndiye anatutafsiria. Kiingereza chake Mungu ndiye anayekijua, lakini mdomo ulikuwa mwepesi. Sinema yenyewe ilikuwa ya magaidi. Wanakwenda nchi moja ya theluji, kwenye ghala la jeshi, wanamkuta mlinzi, babu, kasinzia na redio yake inaimba. Wanammaliza. Wanabeba sanduku lenye bomu la nyuklia, ubavuni lina alama ya hatari, wanalitia kwenye buti la gari, hao mpaka mji mkubwa huko Marekani. Shujaa anawafukuza sinema nzima. Mwishoni kabisa kalipata sanduku, kalifungua, kashika nyaya mbili na jasho linamtiririka, hajui akate upi. Umeme ukakatika.

Mgao wa miaka ile haukuwa na huruma. Mwenye kibanda akasema tusubiri, utarudi. Watu wameshalipa, nani atatoka bila kujua mji umelipuka au haukulipuka? Tukakaa mle ndani kwenye joto la mabati, na watu wakikaa pamoja hawana la kuangalia, wataanza kubishana.

Alianza mwalimu mmoja wa sekondari, anafundisha fizikia. "Mimi hii sinema siiamini," akasema. "Bomu la nyuklia halibebwi kwenye buti kama mkungu wa ndizi."

"Mwalimu, wenzetu wamefika mwezini," akadakia mfanyabiashara wa mpunga wa Dakawa, mtu wa kitambi na saa kubwa. "Watashindwa kulipunguza likaingia kwenye begi?"

"Haya, tuseme lipo dogo. Hao magaidi watajuaje kulitumia?"

"Si kuna maandishi ya maelekezo. Hata pasi ya umeme inakuja na maelekezo."

Wakavutana hivyo kama robo saa, kila mtu anatia neno lake. Halafu mtu wa mpunga akalisema lile ambalo wote walikubaliana nalo. "Mimi kila kitu naweza kuamini," akasema, "lakini pale kwa mlinzi wametudanganya. Kitu cha kuua mji mzima, wamwachie babu mmoja na redio? Mpunga wangu tu Dakawa unalindwa na watu watatu na mbwa."

Kibanda kizima kikacheka. Hata mwalimu akasema hapo kweli, serikali gani ya kijinga hivyo? Mtafsiri, kipaza sauti hakina umeme lakini kakishika tu, akaongeza, "Na babu mwenyewe udenda unamtoka."

Baba akasimama. Nikamvuta shati, hakukaa.

"Samahani wanangu," akasema, kwa ile lafudhi yake ya mlimani ambayo miaka ya mjini haikumtoa. "Hapo hawajadanganya. Walipodanganya ni kwenye kulala. Mlinzi halali redio inaimba. Halafu daftari halikuwepo mezani, mimi nimeangalia. Lakini kuwa peke yake, hilo ni kweli. Mimi niko peke yangu. Na ile alama ya kwenye sanduku, ninayo."

"Alama gani, mzee?" akauliza mwalimu.

"Ya njano. Ina mapanga matatu, kama pangaboi."

Akawaeleza. Kiwandani kulikuwa na mashine yenye kitu wazungu walioisimika walikiita jicho, linapima unene wa bidhaa zikipita. Wiki ya kufunga kiwanda, injinia wa mwisho alilifungua lile jicho, akalitia kwenye sanduku lake zito la madini ya risasi, lenye alama hiyo, akalifungia stoo. Akamwambia baba, mzee, hiki mtu asikiguse. Watakuja watu wa serikali na kifaa chao, utawakabidhi. "Basi nawasubiri," akasema baba, akakaa.

Walicheka, nyie. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mtafsiri akatangaza, "Mabibi na mabwana, Mzee wa Bomu!" Kijana aliyekaa karibu na baba akajifanya anasogea mbali kwenye benchi, mwenzake akaanguka chini kwa kucheka. Mtu wa mpunga anafuta machozi. Baba anawatazama mmoja mmoja, ufunguo uko kifuani, hajaelewa kachekesha nini.

Nikamtafuta kwa macho mtu mmoja. Benchi la nyuma alikaa fundi mitambo aliyefanya kazi kiwanda hicho hicho na baba, siku hizo anauza mitumba. Yule ndiye aliyemshikia injinia spana siku jicho lilipofunguliwa, baba alishanieleza. Neno lake moja lingewanyamazisha wote. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo nikasimama mimi, na sikumung'unya maneno. Niliwaambia wao ndio wajinga, wanabishana juu ya babu wa kwenye theluji wasiyemjua, na wa kwao waliye naye benchi moja wanamgeuza kichekesho. Nilimwambia mtafsiri asikizungushe tena kile kipaza sauti chake mbele ya baba yangu. Mtu wa mpunga nilimwambia maneno ambayo siyaandiki.

Kicheko kikaisha. Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa hajacheka sana, na sasa uso ulikuwa umembadilika. Akaja akachuchumaa mbele ya baba. "Shikamoo mzee," akasema. "Hilo si bomu. Halilipuki. Lakini akitokea mtu akalifungua, akakaa nalo nyumbani, ataumwa yeye na watoto wake. Ngozi, nywele, damu. Watakwisha taratibu na hakuna atakayejua wanaumwa nini. Nitaandika barua wilayani na mkoani. Wewe usiondoke pale."

Mimi ndipo nilipopasuka. "Asiondoke? Wewe unatoka hapa unakwenda kula wali kwako, halafu unamwambia baba yangu asiondoke? Nenda kalinde wewe. Wewe ndiye unayejua linavyoua."

Barua aliandika kweli, namshukuru, hata nakala alinipa. Majibu mpaka leo bado.

Umeme haukurudi. Tulipotoka nikamkuta fundi anafungua baiskeli yake kwenye nguzo. Nikamwuliza, "Ulikuwa unajua au hujui?"

"Nilikuwa najua, dada."

"Mbona umenyamaza?"

"Nikishasema najua, nalo limekuwa langu," akasema. Akapanda baiskeli. Nilimtukana mpaka alipokata kona, na yeye hakugeuka.

Tulifika getini na baba akaenda moja kwa moja kwenye daftari. Akaandika: "Saa kumi na nusu nimerudi. Nimechelewa nusu saa, sababu umeme." Nusu saa. Mwaka na zaidi hakuna mtu aliyelisoma daftari lile, na yeye anaomba radhi ya nusu saa. Nilitaka kulia, nikachagua kugomba.

"Baba, mama anatambaa. Nimemwona kwa macho yangu anatambaa uani kwake. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sasa utakwenda lini?"

"Nani anapokea lindo?" akasema, kwa upole ule ule ulionichosha.

"Napokea mimi."

Akanitazama. "Wewe si mwajiriwa wa hapa."

"Kwani wewe ni mwajiriwa wa hapa?"

Akashika ile kamba ya ufunguo. Mwisho akasema, "Basi lazima ukague. Kupokea bila kukagua ni uongo."

Tukazunguka. Aliniongoza polepole, anataja kitu, mimi naitikia nimekiona. Geti, moja. Pampu ya maji, moja, mbovu. Madirisha, yaliyovunjika akayataja lipi na lipi. Stoo tukaingia mwisho. Lilikuwa juu ya rafu ya mbao, sanduku dogo tu, halizidi debe la kerosini, rangi imebabuka lakini alama inaonekana. Sakafuni baba alikuwa amechora mstari wa chaki kuzunguka ile rafu, na ilionekana wazi kwamba anafagia stoo kila siku mpaka kwenye mstari, ndani ya mstari vumbi tupu. "Hapa mtu havuki," akaniambia. "Hata wewe." Nikasema sawa.

Nikasaini. Upande wa kulia, Anayepokea, majina yangu yote matatu. Baba aliyaangalia yale majina, halafu akavua koti lake la ulinzi, akalikunja, akanikabidhi rungu na filimbi na tochi na ufunguo, kimoja kimoja. Mabega yalimshuka nikiona. Asubuhi ya Jumatatu nilimpakia kwenye lori la Mgeta, na alikaa kule nyuma ameshika ukingo, anatazama milima kama mtu anayekwenda harusini.

Nilikuwa na nia ya kulinda. Naomba hilo lieleweke. Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda ofisi moja ya serikali, nikaambiwa mhusika yuko semina. Jumanne nikaenda nyingine, wakaniambia niandike barua, nikawaambia imeshaandikwa, wakasema basi nisubiri majibu. Jumatano nilikaa getini kutwa, nikaandika "Lindo salama." Alhamisi ilikuwa siku yangu ya Mgeta. Kabichi hazisubiri mtu, na nina watoto wanaokula. Nilifunga geti nikasema nitarudi kesho. Kesho nilikuwa sokoni, keshokutwa pia. Wiki iliyofuata nikapita mara moja. Iliyofuata sikupita.

Siku niliyorudi, geti halikuwepo. Kiwanda kilishauzwa, na aliyenunua alitaka kiwanja tu, vyuma viliuzwa kwa kilo. Walikuwa wameng'oa mpaka fremu za madirisha. Niliingia stoo mbio. Rafu hakuna, sanduku hakuna. Mstari wa chaki ulikuwepo, na alama za kandambili zimeuvuka.

Nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wote ninaowajua. Nachora ile alama chini kwa kijiti, nawauliza, mmeiona hii? Mmoja akasema mzigo ulishakwenda Dar. Mwingine akasema madini ya risasi yanayeyushwa, hawaangalii rangi ya juu. Mwingine akaniuliza kama nataka kununua au nataka kuuza. Nikaenda polisi. Askari alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Akachukua kalamu akauliza, "Hicho kitu alikuwa amekabidhiwa nani?"

Daftari, nililoondoka nalo siku nilipofunga geti, lilikuwa ndani ya kikapu changu, chini ya mafungu ya mchicha. Ningelitoa nikaliweka mezani. Nilifikiria watoto, nikafikiria mahabusu. Nikafikiria na baba kuitwa kushuka kutoka mlimani kuja kuulizwa.

"Sijui, afande," nikasema. Akaiweka kalamu chini.

Mimi niliyemtukana fundi mpaka alipokata kona.

Baba aliishi kule mlimani miaka mingine mingi. Alimtibu mama mguu kwa kumkanda kila jioni mpaka akatembea tena, akalima, akapanda njegere, akaota kitambi kidogo. Na kila Alhamisi nikifika, kabla hajaniuliza habari za watoto, ananiuliza, "Lindo?"

"Salama, baba," namjibu.

"Wameshakuja wale watu?"

"Bado."

Anatikisa kichwa, anaendelea na jembe lake. Hakuwahi kuniuliza nani yuko getini Alhamisi nikiwa huku. Labda aliogopa kuuliza. Tulimzika kule kule, na hata alipokuwa kitandani, ameshindwa kula, niliulizwa lindo nikajibu salama.

Sijasikia mtu aliyeumwa kwa sababu ya lile sanduku. Lakini ningesikia wapi? Mtu anatoka madoa, nywele zinanyonyoka, majirani wanasema karogwa, anazikwa. Nikiona hivyo popote, nauliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani. Watu wananiona mmbeya.

Mwezi uliopita wajukuu walikuwa wanaangalia televisheni sebuleni, mimi namenya karoti. Nikasikia redio inaimba mle kwenye sinema, nikainua macho, nikaona theluji. Ni ile ile. Babu kasinzia kwenye kiti chake. Mjukuu mkubwa akaangua kicheko, akasema, "Bibi, ona hapa wanavyotudanganya. Mtu gani akabidhiwe kitu kama hicho halafu asikilinde?"

"Bibi yako," nikamwambia.

Wakadhani natania. Nikaweka kisu chini, nikaenda chumbani kulichukua daftari.